Chama cha Kalamu, Chama cha Karamu

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kupiga kelele akikasirika. Alisema neno moja tu, "Haya," kisha akanyamaza, na sisi wa nyumbani tukajua kuna mtu atakiona cha mtema kuni. Jioni aliponyimwa tikiti ya chama kikubwa alisema "Haya" mlangoni, akavua gambuti zake zenye matope, akaniambia nijitayarishe kwa sababu asubuhi tunaenda Kitale kutafuta chama kingine.

Nilidhani ni hasira tu. Chama si sukuma wiki, kwamba ukikosa kwa huyu unavuka barabara kwenda kwa yule. Lakini huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili, na vyama vilipatikana hivyo hivyo. Redio haikumaliza wiki bila kututangazia kipya, chenye alama yake na salamu zake za mkono. Na sheria ya siku hizo haikumruhusu mtu kusimama kivyake. Ukitaka hata udiwani, sharti uwe na chama cha kukudhamini, na wenye chama wakikufungia mlango, basi, urudi nyumbani ukapalilie mahindi. Wasomi wa mjini waliviita vile vyama vidogo vyama vya mfukoni, wakavicheka. Nami nilivicheka, mpaka tulipokihitaji kimoja.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtoto wa Kitale. Wazazi wangu walitoka sehemu za kati wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, nikaja kuolewa Bungoma na fundi wa baiskeli mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi. Hilo la Kiswahili muliweke akilini, maana ndilo lililonipa presha mwaka huo.

Mama mkwe wangu hakuutaka udiwani kwa ajili ya kuitwa mheshimiwa. Alikuwa akiuza mahindi na maharagwe katika soko letu, kwenye barabara ya kwenda Sirisia, tangu mume wangu akiwa mgongoni. Siku moja akaja sorovea wa kupima ardhi, na kamba na vijana wawili, wakapigilia vigingi katikati ya soko. Wanawake wakauliza. Wakaambiwa uwanja unagawanywa ploti, na wenyewe wameshajulikana. Walipomwendea diwani wetu, mzee mmoja mwenye tumbo la amani, aliwaambia maendeleo hayamngoji mtu, na kwamba wao watatafutiwa mahali pengine kule bondeni karibu na mto. Huko bondeni hapiti mtu ila anayekwenda kuteka maji. Soko likihamishiwa huko, wale wanawake wote wamekwisha, na watoto wao wameacha shule. Mama alijua hivyo, nasi tulijua hivyo.

Kwa hiyo akaenda kwenye uteuzi wa chama kikubwa kupambana na diwani. Tulipanga foleni nyuma ya kila mgombea. Foleni ya mama ilizunguka kanisa ikaishia kwenye josho la ng'ombe. Ya diwani ilikuwa ya mashemeji zake na watu waliokuwa na njaa siku hiyo. Msimamizi akatazama huku, akatazama kule, akampa diwani cheti. Nilitaka kumrukia. Nasema ukweli, kama mume wangu hangenishika leso, ningelala selo ya polisi siku hiyo, mwalimu mzima.

Ndivyo tulivyojikuta Kitale, juu ya duka la dawa za mifugo, katika ofisi ya chama ambacho hakikuwa hata na mwaka mmoja. Katibu wake alikuwa kijana mtanashati, suti yake inang'aa kama mgongo wa kombamwiko. Alifurahi kutuona kuliko inavyostahili. Akatwambia chama chake ni cha mabadiliko, ni cha vijana, ni cha kina mama, ni cha wakulima, ni cha wafanyabiashara wadogo na wakubwa. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyesahaulika. Mama akanikanyaga mguu.

"Alama yenu ni gani?" mama akauliza.

"Kalamu," katibu akasema. "Maana sisi ni chama cha elimu."

Mama akafikiria kidogo. "Karamu," akasema. "Ni mzuri. Kila mtu anaijua."

Mimi nilisikia, nikamtazama katibu. Katibu hakusikia chochote, au alisikia akaona hayamhusu.

Tulipitia kwa wazazi wangu kula chakula cha mchana. Baba yangu hakuwa na imani na mambo haya. Alisema vyama vya siku hizi vinachipuka kama uyoga, na mvua ikikatika hutaviona. Mama mkwe wangu akaendelea kutafuna taratibu.

"Uyoga pia ni chakula, mzee," akamjibu.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo alimwita mama "mheshimiwa" kabla mtu mwingine yeyote hajathubutu.

Sasa kwetu Bungoma, "l" na "r" ni mapacha. Mtu huita yeyote aliye karibu. Ninaishi nao, ninawapenda, nimezaa nao, na bado sikio langu la ualimu halijazoea. Kura inakuwa kula, kulala inakuwa kurara, na watu wanaelewana vizuri tu. Lakini kalamu na karamu si mchezo katika nchi ambayo wanasiasa wameizoesha kuchinjiwa ng'ombe. Wiki ile niliamua kumnyoosha mama ulimi. Kila jioni, yeye akipepeta maharagwe, mimi niko mbele yake kama padri anayefundisha katekisimu.

"Mama, sema kalamu."

"Si ndiyo nasema? Karamu."

"La. La. La."

"Ra. Ra. Ra."

"Mama!"

"Wewe mtoto wa Kitale, unanifundisha kuongea ama kuomba kula?"

"Kura, mama."

"Si hiyo ndiyo nimesema!"

Nilinyoosha mikono. Nikajipa moyo kwamba atakayetangaza mkutano ni mume wangu, ambaye nimeishi naye na kumsahihisha tangu harusi. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mimi nilikuwa shuleni nikisahihisha mitihani wakati yeye alipopanda baiskeli na bomba la kutangazia, akazunguka kutoka kwetu mpaka karibu na Myanga, akipaza sauti ile aliyopewa na Mungu: "Jumamosi! Wote kuja sokoni! Mama anazindua karamu! Karamu ya mama, watu wote, wazee kwa watoto!"

Sijawahi kuona watu wengi sokoni kama Jumamosi hiyo. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mama alisimama juu ya meza yake ya kuuzia mahindi, uso umemng'aa, na mimi nikajawa na fahari. Nikasema kumbe watu wanaweza kuamka. Kisha nikaona bibi mmoja wa kanisani ametoa sahani chini ya leso, akaipangusa, akaiweka mapajani. Nikatazama aliye jirani yake. Sahani. Nikatazama wazee. Walikuwa wameketi kwa safu, kama wanavyoketi matangani wakingoja nyama. Watoto walikuwa wameshikana mikono karibu na mahali ambapo moshi ulipaswa kuwa unafuka.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amekwisha kuelewa, na alikuwa anajificha nyuma ya baiskeli yake mwenyewe.

"Mama," bibi wa kanisani akauliza kwa adabu, "nyama itaiva saa ngapi?"

Vijana wa diwani walikuwepo, kama kawaida yao, wamesimama pembeni na meno nje. Mmoja akapiga kelele, "Ati karamu bila nyama! Huyu mama hata sufuria hana, bana! Diwani angekuwa amechinja!" Watu wakaanza kunung'unika. Baadhi walikuwa wametembea kutoka mbali, na njaa ya mtu aliyedanganywa ina hasira kuliko njaa ya kawaida. Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza hata kuhesabu kuku wetu kichwani.

Mama akawatazama. Halafu akatoa kalamu ya Biki kwenye nywele zake, alikozoea kuichomeka akiwa sokoni, akaiinua.

"Watu wangu, murembe."

"Mulembe!" wakaitikia salamu, kwa mazoea tu.

"Mimi sijapika. Hii ndiyo karamu."

Mwanamume mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hiyo ni kalamu!"

"Si ndiyo nasema? Karamu!"

"Karamu ni ya kula!" mwingine akadakia.

"Na ya kuandika ni gani?"

"Ni karamu!" wakasema watatu kwa pamoja, na hapo soko zima likaangua kicheko, maana kila mtu alijisikia mwenyewe akilisema vibaya. Wakaanza kubishana wao kwa wao, huyu anamsahihisha yule na yule anamkosoa huyu, na mimi mwalimu wa Kiswahili nimesimama katikati bila kazi. Siku hiyo niliacha kupigana na herufi hizo mbili. Nilishindwa na watu wengi mno.

Mama akangoja wacheke washibe, maana hawakuwa na kingine cha kushiba. "Sasa nisikieni. Diwani atawachinjia ng'ombe, na mutakula, na mimi siwakatazi. Hata mimi nipitishieni mfupa. Lakini kesho yake mukiamka, mutauzia wapi? Munaona hivi vigingi? Ama mutawauzia samaki mahindi kule mtoni?"

Si wote waliobaki. Nusu waliondoka na sahani zao, wakituapiza. Wengine wakakaa, na jioni ile tukaongea kuhusu soko mpaka wachungaji wa ng'ombe wakaanza kurudi nyumbani. Nilidhani tumekwisha. Kumbe tulikuwa tumeanza.

Kwa maana chama kipya kina ugonjwa mmoja unaoviua vingi: hakuna anayeijua alama yake. Vyama vikubwa vilikuwa na mabango na kofia na fulana, sisi hatukuwa hata na karatasi. Lakini habari ya karamu bila nyama ilitembea kwa miguu yake yenyewe. Ilifika Sirisia kabla ya Jumatatu. Wakulima waliokuja kwa mafunzo Mabanga waliibeba wakarudi nayo kwao. Watu wakikutana njiani, mmoja anasema "Niaje, umekula karamu?" na mwenzake anachomoa kalamu mfukoni, wanacheka. Vijana wa diwani walifikiri wanatutukana walipotuita "chama cha karamu." Kila tusi lao lilikuwa tangazo letu. Siku ya kupiga kura, bibi ambaye hakujua kusoma hata jina lake aliniambia akitoka kituoni: "Niliona ile kitu yenu ya uongo. Nikaiwekea alama."

Mama alishinda. Kwa kura chache, lakini ushindi ni ushindi, hauna mdogo wake. Katika nchi nzima watu walikuwa wanacheza barabarani mwezi huo kwa sababu zao kubwa kubwa, na sisi tulicheza sokoni kwa sababu yetu. Nililia kama mtoto. Mume wangu alitangaza matokeo kwa bomba lake mpaka likaisha betri, na hapo hakuna aliyejali l yake wala r yake.

Lakini vigingi vilikuwa bado vimesimama. Mpango wa ploti haukuwa wa yule diwani wa zamani peke yake. Alikuwa na rafiki katika baraza la madiwani, na rafiki huyo ndiye aliyetaka kuwa mwenyekiti wa baraza. Madiwani walipokutana Bungoma kuhesabiana, pande mbili zilitoshana nguvu kabisa, na katikati akabaki mtu mmoja wa chama kimoja ambacho hakuna aliyekijali: mama. Mtu ambaye miezi michache nyuma hakuhesabika hata akiwa na foleni ya kuzunguka kanisa, sasa magari yalikuwa yanapishana kwenye geti letu la mabati.

Akaja hata katibu wetu kutoka Kitale. Hakuwa amekanyaga kwetu wakati wa kampeni, hata kutuletea kipande cha bango, lakini siku hiyo alijua njia. Alikataa chai. Akasema chama kimeamua mama ampigie kura yule rafiki wa ploti.

"Kimeamua na nani?" nikauliza.

Akajifanya hajanisikia. Akamwambia mama kwamba asipotii atafukuzwa chamani, na akifukuzwa kiti kitatangazwa wazi, uchaguzi urudiwe. Sheria ilikuwa hivyo kweli. Niliona mikono ya mama imetulia mapajani, nikajua anaogopa, kwa sababu mikono yake haikuwahi kutulia.

"Katibu," akasema, "chama ni mrango. Ule mwingine ulifungwa, nikapitia kwako, na nakushukuru. Lakini sasa niko ndani. Mrango haumwambii mgeni akae kiti gani."

Katibu akaondoka bila kuaga. Mama akatuma neno kwa wagombea wote wawili: kura yake hawataipata sebuleni. Anayeitaka aje siku ya soko, ashike bomba la kutangazia, aseme mbele ya wanawake kwamba uwanja huu ni wao.

Rafiki wa ploti alituma gunia la sukari na kreti ya soda na salamu nyingi. Mama aliirudisha sukari kwa gari lile lile. Soda watoto walikuwa wamekwisha kunywa. Yule mwingine alikuja mwenyewe. Sidai alikuwa malaika. Alikuwa mwanasiasa, na viatu vyake vilionyesha hivyo. Lakini alisimama katikati ya mafungu ya viazi vitamu, jasho linamtiririka, akasema. Posho mill ya kusagia mahindi ilikuwa inaunguruma, wanawake wakamwambia hawakusikia, arudie. Akarudia. Wakamwambia arudie tena, na safari hii nadhani walikuwa wamesikia vizuri sana.

Mama akampigia yeye kura, naye akashinda kwa kura hiyo moja. Kabla ya mvua kubwa, uwanja uliandikwa kuwa mali ya umma, na wafanyakazi wa baraza lenyewe wakaja kung'oa vigingi.

Sisi tukabaki tukingoja barua ya kufukuzwa. Mimi nilikuwa nashtuka kila baiskeli ya posta ikipita. Haikuja. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba chama chetu kimejiunga na chama kikubwa kwa maslahi ya taifa. Nilipopita Kitale kuwaona wazazi, juu ya duka la dawa za mifugo palikuwa na saluni. Chama kilikuwa kimekufa kabla hakijapata nafasi ya kumfukuza mwanachama wake wa pekee barazani. Baba yangu akanikumbusha habari ya uyoga. Nikamwambia ndiyo, mvua imekatika, lakini sisi tumekwisha kula.

Siku moja ya soko, karibu mwaka baadaye, nilimsindikiza mama kununua mboga. Watu walimsalimia, naye akawa anajibu kulia na kushoto. Tulipofika kwenye dagaa wa omena, muuzaji mmoja, mwanamke mwembamba niliyemfahamu kwa upole wake, akamwita bila hata kuinuka kwenye gunia lake.

"Diwani! Choo cha soko kiko wapi? Si ulituambia kabla ya mvua?"

Mama akaanza kusema habari ya bajeti. Mwanamke akamkata.

"Hapana, usituletee ya bajeti. Tulikupatia kiti na tunaweza kukupokonya. Vyama viko vingi, bana!"

Wenzake wakacheka, wakaunga mkono. Damu ikanipanda kichwani. Huyu ndiye ambaye yule diwani wa zamani akipita alisimama, akainamisha macho mpaka apite. Huyu ndiye angekuwa ameketi kule bondeni leo akiwauzia vyura omena. Nikafungua mdomo nimpe zake. Mama akanishika mkono, kwa nguvu.

"Nyamaza, mwalimu. Yule wa kwanza alikaa miaka yote ile. Uliwahi kusikia huyu mama akimuuriza kitu?"

Sikuwahi. Nilimtazama mama, nikaona anafurahi, anafurahi kabisa, na macho yamejaa machozi. Akaniachia mkono, akavuta gunia tupu, akaketi chini mbele ya yule mwanamke, akaanza kujieleza.